Kukodi Boti ya Kuvua Sangara Uganda kwa Bei Nafuu: Hatua kwa Hatua

Kila likizo ikikaribia swali ni lile lile: "Niko Kampala, nataka kwenda kuvua kwenye maji makuu kama wanavyofanya watu wa Mombasa, lakini mfuko wangu ni mdogo. Nianzie wapi?"

Uganda haina bahari, na kutoka Kampala hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Ila kwa siku moja ya kuvua samaki mkubwa huna haja ya kwenda huko. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba karibu 69,000 na kina kinachofika mita 80 hivi. Humo mna sangara, mputa kwa wengi wetu huku, samaki anayeweza kumzidi mtu mzima kwa uzito. Sangara mkubwa kuliko wote katika rekodi za dunia za uvuvi wa fimbo alikuwa na kilo 104. Alivuliwa Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000. Ni samaki wa aina hii hii.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajawahi kukodi boti ya kuvulia. Kama hata fimbo hujui kuishika, haidhuru, wenye boti watakuonyesha. Ambacho hawatakuonyesha ni namna ya kupima bei yao. Unapokodi boti unanunua saa ambazo chambo kiko majini mahali penye samaki. Saa hizo huliwa na umbali, na umbali hulipiwa kwa petroli. Ukilishika hilo, watu wa gatini watapata shida kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kabla ya kuanza, kuwa na hivi

- Wenzako wawili au watatu. Boti hukodiwa nzima, iwe mpo mmoja au wanne. Hakuna punguzo utakalolibembeleza kwenye simu litakalofikia punguzo la kugawana gharama.
- Kitambulisho cha taifa au pasipoti. Kwenye hifadhi za wanyama, raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni, lakini lazima athibitishe.
- Tarehe mbili, ya kwanza na ya akiba. Ziwa halijui kalenda yako.
- Kofia yenye kamba, shati la mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, na koti la mvua hata kama ni kiangazi.
- Maji ya kunywa na chakula. Roleksi mbili za asubuhi (chapati zilizoviringishiwa mayai) kutoka kituo cha teksi zinatosha kabisa. Chakula cha "kifurushi" mara nyingi ndicho wanachopatia faida kubwa.
- Dawa ya kichefuchefu kama gari hukusumbua. Mawimbi ya ziwa ni mafupi na ya karibukaribu, huchosha tumbo haraka.
- Salio la pesa ya simu, pamoja na noti kidogo mfukoni. Kwenye visiwa mtandao huja na kuondoka.

Fimbo, rili na ndoano usinunue bado. Safari ya kwanza tumia vya boti. Mtu anayenunua fimbo ya bei kabla hajajua kama anapenda kukaa juani saa saba bila kuguswa na samaki anatupa pesa.

Hatua ya 1: Amua unataka samaki gani

Usiseme tu "nataka kuvua". Mwenye boti akisikia hivyo atakupeleka panapomfaa yeye.

Ukitaka sangara mkubwa wa picha na simulizi, unahitaji boti yenye fimbo nzito, nahodha anayejua miamba ya chini ya maji, na siku nzima. Ukitaka ngege (sato) wa kukaanga jioni, hiyo ni kazi ya mtumbwi mdogo karibu na matete, saa chache, gharama ndogo. Ukitaka watoto waone ziwa na wavute mshipi mara mbili tatu, muda wa saa nne asubuhi unatosha, na usilipie siku nzima.

Watu wengi huchanganya haya matatu katika safari moja. Watoto wakishachoka saa nne asubuhi, boti inageuzwa kabla hamjapata muda wa kumtafuta sangara.

Hatua ya 2: Chagua maji kabla ya kuchagua boti

Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa au kupotea.

Entebbe ndiko rahisi kufika, kilomita 40 hivi kutoka Kampala, na ndiko zilikolundikana boti za watalii. Tatizo ni kwamba maji mazuri ya sangara hayako gatini. Wengi huenda upande wa Bulago na visiwa vya jirani, na hata kwa boti ya kasi, kufika Ngamba tu, kile kisiwa cha sokwe, ni kilomita 23, kama dakika 45. Boti ya polepole inaweza kuchukua mara mbili ya hapo. Muda huo wote wa kwenda na kurudi unaulipia.

Ssese, yaani Kalangala, ni chaguo ambalo watu wa bajeti ndogo hulisahau. Visiwa ni 84, na kwenye kile kikubwa, Bugala, unaweza kufika bila kukodi chochote: kuna meli ya abiria kutoka Nakiwogo, Entebbe, safari ya saa tatu na nusu hivi, na kuna kivuko cha Bukakata upande wa Masaka ambacho hakitozi nauli. Ukilala Bugala, asubuhi unakodi boti ambayo tayari iko kwenye maji makubwa. Petroli inayotumika kukufikisha kwenye samaki ni kidogo, na saa za kuvua ni nyingi. Utalipia chumba, kweli, lakini wanne mkigawana, hesabu mara nyingi huangukia upande wa Kalangala. Mimi mtu akiniuliza na ana siku mbili, humwambia Ssese bila kusita.

Jinja ni kilomita 80 hivi kutoka Kampala. Kunafaa kwa nusu siku, na kwa wanaotaka kuunganisha na chanzo cha Nile. Samaki wa kutisha usimtegemee sana.

Murchison Falls ni habari nyingine kabisa. Ni kilomita 300 hivi kutoka Kampala, na uvuvi ni wa mtoni, chini ya maporomoko, penye sangara wakubwa na ngasa, yule mwenye meno yaliyochomoza. Sehemu kubwa ya uvuvi unaweza kuufanya ukiwa ukingoni, hivyo gharama ya boti hupungua sana. Lakini ni hifadhi ya taifa: utalipa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, kiingilio pamoja na kibali cha uvuvi ambacho ni cha peke yake. Kiingilio huhesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo panga saa ya kupita getini vizuri. Ukiingia mchana wa leo, una hadi mchana wa kesho, yaani jioni moja na asubuhi moja za kuvua kwa kiingilio kimoja. Samaki hurudishwa majini. Na ukingo ule una mamba na viboko; anayekuongoza akisema rudi nyuma, rudi kwanza, maswali baadaye.

Hatua ya 3: Chagua siku na saa

Mvua kubwa ni Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba, na siku hizi huchelewa au kuwahi. Miezi ya ukavu, Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti, mvua hupungua na barabara za Murchison hupitika vizuri. Bei nazo hupanda Desemba kwa sababu kila mtu yuko likizo. Nafuu iko siku za katikati ya wiki. Jumamosi na Jumapili boti za Entebbe zina wateja wa sherehe, na mwenye boti hana sababu ya kupatana na wewe. Mpigie ukitaka Jumanne.

Kuhusu saa, elewa tabia ya ziwa hili. Usiku nchi kavu hupoa, upepo huvuma kutoka pande zote kuelekea ziwani, hukutana huko katikati na kuinua mawingu mazito. Ndiyo maana dhoruba kali hupiga usiku wa manane hadi asubuhi, wakati wewe umelala Kampala ukidhani anga ni safi. Mchana upepo hugeuka, hutoka ziwani kuja nchi kavu, na mawimbi hupanda alasiri. Kwa hiyo kuondoka saa kumi na mbili asubuhi ni sawa ikiwa upande wa kusini hakuna radi. Ukiona umeme unamulika huko, subiri gatini saa moja au mbili. Na jua kwamba safari ya kurudi mchana italoanisha watu kuliko ya kwenda.

Taarifa za hali ya hewa za ziwa hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda, UNMA. Zisome jioni ya kuamkia safari, halafu ulizia wavuvi wa mwalo, pale boti za uvuvi zinapotua. Wote wawili wakisema hapana, ni hapana.

Hatua ya 4: Piga simu kwa boti tatu, uliza maswali yale yale

Tatu zinatosha. Salimia vizuri, mwite kapteni au ssebo (bwana, kwa Kiganda), usianze na bei. Mtu anayeanza na "mwisho ngapi?" hutajiwa bei ya mtu asiyejua. Kisha uliza, na uandike majibu:

- Saa zinahesabiwa kuanzia wapi, tukiondoka gatini au tukifika mahali pa kuvua?
- Mahali hapo ni wapi kwa jina, na kufika ni muda gani?
- Petroli imo kwenye bei? Lita ngapi? Zikiisha, nyongeza ni shilingi ngapi kwa lita?
- Injini ina nguvu kiasi gani, na kuna injini ya akiba?
- Fimbo ni ngapi, na chambo ni bandia au hai? Nani ananunua chambo hai?
- Mkipoteza chambo bandia kwenye mwamba, nani analipa?
- Jaketi okozi ni ngapi, na zipo za watoto?
- Leseni ya chombo na bima ziko hai? Kibali cha kuvua kiko kwa jina la nani?
- Hali ya hewa ikichafuka, pesa yangu inakuwaje?
- Samaki ni wa nani?

Swali la petroli ndilo linalofunua mengi. Injini ya nguvu farasi 40 ya mistroki miwili, zile nyingi za ziwani, ikifunguliwa yote hunywa lita 15 au zaidi kwa saa. Ya mistroki minne hunywa kidogo kuliko hiyo. Wakati wa kukokota chambo boti hutembea polepole na petroli hutumika kidogo. Kinachomaliza dumu ni mbio za kwenda na kurudi. Kwa hiyo mtu akikuambia "safari nzima lita ishirini" na mahali pa kuvua ni saa nzima kutoka gatini, ama hataki kukufikisha huko, ama atakuomba nyongeza katikati ya maji.

Swali la chambo kilichopotea watu huliona dogo. Chambo bandia kizuri cha sangara, kama vile vya kampuni ya Rapala, si rahisi kwa pesa, na maji ya sangara yana miamba. Mkipoteza vitatu na hamkupatana mapema, mtagombana mbele ya watu.

Hatua ya 5: Hesabu bei ya saa ya fimbo

Chukua kalamu. Saa ya fimbo ni saa moja ya fimbo moja ikiwa inavua. Namba zifuatazo ni za mfano wa hesabu tu, bei utaambiwa mwenyewe.

Boti ya kwanza inataka shilingi 600,000 kwa saa tano. Kwenda saa moja, kurudi saa moja, nusu saa ya kutafuta chambo. Zimebaki saa mbili na nusu. Fimbo mbili. Saa mbili na nusu mara mbili ni tano. 600,000 gawa kwa tano ni 120,000 kwa kila saa ya fimbo.

Boti ya pili inataka 900,000 kwa saa tisa. Safari yote saa mbili, zimebaki saba. Fimbo tatu. Saba mara tatu ni 21. 900,000 gawa kwa 21 ni kama 43,000.

Ile iliyoonekana ghali kwa laki tatu ndiyo rahisi karibu mara tatu. Mkiwa wanne, tofauti ya mfukoni kwa kila mtu ni 75,000, na mnapata nafasi ya kweli ya kuona samaki.

Tahadhari: usidanganyike na fimbo nyingi. Zaidi ya nne zikikokotwa nyuma ya boti ndogo, mishipi husokotana, na saa moja mnaitumia kufungua mafundo. Kwenye hesabu yako weka nne kuwa mwisho, hata akikuambia anazo nane.

Hatua ya 6: Nenda ukaione boti

Picha ya kwenye simu haitoshi. Kama uko Kampala na boti iko Entebbe, nauli ya teksi ya kwenda kuangalia ni ndogo kuliko chochote utakachopoteza. Ukiwa mbali, tuma mtu, au omba video inayopigwa siku hiyo hiyo, nahodha akionyesha injini ikiwaka.

Angalia jaketi kwanza, kabla ya injini. Zihesabu kwa mkono. Vuta kamba na vifungo. Jaketi iliyooza jua hubaki na rangi nzuri huku mshono ukiachia kwa kidole. Kisha angalia sakafu ya boti: maji kidogo ni kawaida, ila kama kuna kijana ambaye kazi yake ni kukomba maji tu, ondoka. Uliza kizima moto, nanga, kamba ndefu, na tochi. Tazama namba ya usajili ubavuni. Sheria ya Usafiri wa Majini ya Ndani ya 2021 inataka vyombo visajiliwe na kupewa leseni, na mtu aliye nayo huionyesha bila kununa.

Novemba 2018 boti ya starehe ilizama karibu na pwani ya Mutima, Mukono, na watu zaidi ya 30 wakafa. Ilikuwa imejaza kupita kiasi, haikuwa na leseni, na wengi hawakuwa wamevaa jaketi. Ufuo ulikuwa unaonekana. Ndiyo maana kwenye mwongozo huu wa kubana matumizi, hii ni hatua ambayo sikuonyeshi njia ya mkato.

Tahadhari ya pili: boti ya mvuvi wa mwalo. Utaambiwa na mtu wa mwalo wa Ggaba au Kigungu kwamba shemeji yake ana boti na atakupeleka kwa robo ya bei. Wavuvi wale wanalijua ziwa kuliko nahodha yeyote wa watalii, hilo sikatai. Lakini boti ya mvuvi wa nyavu haina leseni ya kubeba abiria. Mwaka 2017 jeshi liliweka kikosi cha kusimamia uvuvi ziwani, na afande yeyote wa doria akiwakuta mpo wageni wanne kwenye boti ya nyavu bila karatasi, maelezo yatakuwa marefu. Kiswahili kitakusaidia kueleweka, leseni hakikupi. Ukimtaka mvuvi huyo, mlipe awe kiongozi ndani ya boti yenye leseni. Wengi hukubali, na ni pesa nzuri kwake.

Hatua ya 7: Patana, halafu andika

Baada ya kuona boti ndipo unazungumza bei. Usiombe punguzo tupu, toa kitu. "Kapteni, tukija Jumanne badala ya Jumamosi?" "Tukija na chakula chetu?" "Tukilipa petroli sisi wenyewe kituoni?" Hili la mwisho nalipenda. Mnanunua lita mlizokubaliana, mnaziona zikimiminwa kwenye dumu, na bei ya boti inabaki ya boti. Ongezeni theluthi moja ya akiba juu ya lita za kwenda na kurudi. Isipotumika, mnapatana nani anabaki nayo.

Lipa malipo ya awali kwa pesa ya simu, kwa namba yenye jina la mtu uliyeongea naye, si ya "ndugu yangu". Theluthi hadi nusu inatosha. Anayedai yote kabla hujaiona boti, mwache.

Halafu tuma ujumbe mmoja wenye kila kitu: tarehe, saa ya kuondoka, mahali pa kuvua, saa za kuvua, lita, fimbo, idadi ya watu, kiasi kilicholipwa na kilichobaki, na kitakachofanyika ziwa likichafuka. Mwombe ajibu "sawa". Ujumbe huo una nguvu kuliko kelele za gatini.

Kuhusu samaki, mpatane mapema. Kwenye baadhi ya boti samaki ni wa mteja, kwenye nyingine ni wa wafanyakazi isipokuwa mmoja wa kula. Na kuna sheria ya vipimo: sangara chini ya sentimita 50 harusiwi kuvuliwa, na nchi za Ziwa Victoria zilikubaliana kuwa viwanda vichukue wa kati ya 50 na 85. Wakubwa kupita hapo ndio wazazi. Piga picha, mwachie.

Hatua ya 8: Asubuhi ya safari

Fika kabla ya kupambazuka. Hesabu jaketi tena, maana huazimwa. Tazama dumu. Muulize nahodha ameambiwa nini kuhusu hewa. Mwachie mtu wa nchi kavu namba ya nahodha na saa mnayotarajia kurudi.

Vaa jaketi kabla boti haijaachia gati, na usiivue kwa sababu ya joto.

Hatua ya 9: Mkiwa majini

Mwambie nahodha aanze kukokota mara anapofika kwenye mwamba au mteremko wa kwanza, asizunguke kutafuta "pale pa siku ile". Sangara hukaa karibu na miamba na kwenye kingo ambapo kina hushuka ghafla, akivizia samaki wadogo. Boti itembee kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, au kuzidi kidogo.

Fimbo ikiinama, usiivute kwa pupa. Nahodha atapunguza mwendo. Wewe weka ncha ya fimbo juu na mshipi uwe umekaza wakati wote, kwa sababu sangara huruka na kutikisa kichwa ili ateme ndoano. Akifika ubavuni, usimshike kwenye mashavu kwa mkono mtupu: mifupa ya pale hukata kama wembe. Tumia glavu au wavu. Wa kuachiwa mweke mlalo, dakika moja nje ya maji inatosha. Aliyetoka kina kirefu tumbo huvimba kwa hewa na hushindwa kuzama. Huyo ukimchelewesha, kumwachia hakuna maana.

Na usioge ufukoni mnaposimama kula. Kichocho kipo kwenye maji ya kingoni, hasa penye majani.

Ukiitaka bahari yenyewe

Wapo ambao roho yao haitulii bila sulisuli au nduaro, wale samaki wakubwa wa baharini wenye mdomo mrefu uliochongoka. Kwa Mganda, mahali pa karibu ni pwani ya Kenya: Watamu, Malindi, Kilifi, au Shimoni upande wa kusini. Kitambulisho cha taifa kinatosha kuvuka Busia au Malaba. Msimu huanza Agosti na kufikia Machi hivi. Wakati wa kusi kali, upepo wa kutoka kusini, Mei hadi Julai, bahari ni chafu na boti nyingi hupumzika. Sulisuli hushika zaidi Novemba hadi Januari, nduaro baada ya hapo. Nguru, jodari na fulusi utawapata katikati.

Hatua ni zile zile, hesabu ni ile ile. Ukiwa peke yako uliza kama kuna kundi lenye nafasi. Kwenye miji ile ya pwani watu hushirikiana boti, na hiyo ndiyo nafuu ya kweli. Nusu siku ya baharini kwa anayeanza inatosha, kwa sababu ukishikwa na kichefuchefu saa ya pili, saa sita zinazofuata ni adhabu uliyoilipia. Na ndani ya hifadhi za taifa za bahari kama ya Watamu hakuna kuvua. Nahodha lazima atoke nje ya mipaka.

Mambo yakienda kombo

Nahodha anaongeza bei gatini. Toa simu, soma ujumbe wa makubaliano kwa sauti ya kawaida, kisha nyamaza. Akishikilia, dai malipo ya awali na uondoke na wenzako. Mara nyingi utaitwa urudi kabla hujafika kwenye boda boda.

Amekuja na boti nyingine. "Ile imeharibika" huweza kuwa kweli. Ikague kama ulivyoikagua ya kwanza, leseni hadi jaketi. Ikipungua lolote, tumia tarehe ya akiba.

Saa tatu zimepita na hakuna samaki aliyegusa. Kabla ya kulalamika, badilisha kina, kisha rangi na ukubwa wa chambo, kisha mahali, kimoja kimoja. Kama boti ina chambo hai, nkejje (samaki mdogo wa ziwani) au kambare mdogo, simameni kwenye mwamba mmoja na kukitumbukiza. Bado hakuna? Hiyo ni siku ya ziwa, na hakuna boti inayorudisha pesa kwa sababu ya samaki kukataa. Anayekuahidi samaki kwa hakika anakudanganya.

Gugumaji limeziba gati au linashika mishipi. Hutembea na upepo. Ondokeni mapema, na wakati wa kukokota toeni mishipi kila baada ya dakika kadhaa kuangalia. Ndoano yenye jani haivui kitu.

Injini imezima. Nanga kwanza, ili upepo usiwasukume kwenye miamba. Kisha nahodha aangalie petroli, bomba na plagi. Ikishindikana, pigeni simu nchi kavu mapema, betri ikiwa imejaa, na mtaje kisiwa mnachokiona.

Mawingu meusi yanajikusanya na mwenzenu anasema "bado nusu saa tulilipia". Kunjeni mishipi, mwambieni nahodha ageuze boti, na kama kisiwa kiko karibu kuliko gati, mkasubiri kwenye kisiwa.